David Gill, Mpimaji wa Mbingu na Nchi



Safari hii tunawaletea maisha ya David Gill, Mskoti aliyeanza kazi akiwa fundi saa na kumaliza akiwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyota duniani. Gill hakufika Kasekese, wala Mpanda hakuiona. Hata hivyo, mstari wa vipimo alioufikiria yeye ulikuja kupita katika milima ya upande wetu huu wa Ziwa Tanganyika, na ramani za nchi yetu zimejengwa juu ya mstari huo. Tena maisha yake yanamhusu kila mtu aliyepata kuingoja siku moja kubwa kwa muda mrefu, kisha siku yenyewe ikafika na mawingu. Wakulima wa huku kwetu, wanaotazama mbingu kila mwezi wa Novemba, hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Fundi saa wa Aberdeen

David Gill alizaliwa tarehe 12 Juni, 1843 katika mji wa Aberdeen, Uskoti. Baba yake alikuwa na duka kubwa la saa, naye alitaka mwanawe airithi kazi hiyo. Kijana alisoma shule ya Dollar, kisha akaingia Chuo cha Marischal mjini Aberdeen. Huko alifundishwa na James Clerk Maxwell, ambaye baadaye alitambulika kuwa mmoja wa wanasayansi wakuu wa karne ile. Masomo ya Maxwell yaliwasha moto ndani ya kijana huyu. Lakini alimtii baba yake, akatoka chuoni bila shahada na kwenda kujifunza ufundi wa saa, kisha akarudi kusimamia duka.

Msomaji asidhani kwamba miaka ile ilipotea. Fundi saa hujifunza kwamba sehemu ndogo ya sekunde ni kitu, na kwamba gurudumu dogo likikosewa chombo chote husema uongo. Gill alipoanza kutazama nyota alikuwa na mikono na macho ya fundi. Kwanza alishirikiana na mwalimu mmoja wa chuo ili mji wa Aberdeen upate saa sahihi kwa kuzitazama nyota. Kisha akajipatia darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 30 hivi, na mwaka 1869 akaupiga mwezi picha iliyosifiwa sana. Mwaka uliofuata alimwoa Isobel Black, binti wa mkulima. Mama huyu tutamkuta tena mbele.

Picha ile ya mwezi ndiyo iliyobadilisha maisha yake. Ilimfikia Bwana Lindsay, kijana wa ukoo wenye cheo na mali, aliyependa elimu ya nyota. Lindsay alikuwa anajenga kituo chake mwenyewe cha kutazamia nyota mahali paitwapo Dun Echt, karibu na Aberdeen, naye akamwita Gill awe msimamizi. Mshahara ulikuwa mdogo sana kuliko faida ya duka. Gill na mkewe walishauriana, duka likaachwa, na mwaka 1872 Gill akaanza kazi ya nyota.

Kwa nini watu waliingoja Zuhura

Hapa hatuna budi kusimama kidogo ili tueleze jambo lililowafanya mataifa makubwa watoe fedha nyingi kwa ajili ya asubuhi moja.

Zuhura ni ile nyota ing'aayo sana ambayo wengi wetu tunaiita nyota ya asubuhi, au nyota ya jioni inapoonekana magharibi. Kwa kweli si nyota bali ni sayari, nayo inalizunguka jua ikiwa karibu nalo kuliko dunia yetu. Mara chache sana hupita sawasawa kati yetu na jua. Hapo huonekana kama doa dogo jeusi linalotambaa polepole juu ya uso wa jua kwa muda wa saa kadhaa. Mapito hayo huja mawili mawili, yakiachana kwa miaka minane, halafu hupita zaidi ya miaka mia moja bila hata moja. Yalitokea 1631 na 1639, kisha 1761 na 1769, kisha 1874 na 1882, na mwisho 2004 na 2012.

Edmond Halley, mtaalamu wa Kiingereza, alieleza mwaka 1716 kwamba mapito hayo yanaweza kutumika kupimia umbali wa jua. Njia yenyewe twaweza kuionyesha darasani bila chombo chochote. Nyosha mkono, simamisha kidole kimoja, kisha fumba jicho la kushoto na baadaye la kulia. Kidole kitaonekana kikiruka kutoka mahali hadi mahali mbele ya ukuta. Ukijua nafasi iliyo kati ya macho yako, na ukipima mruko huo, unaweza kupata umbali wa kidole. Basi na tuweke watazamaji wawili badala ya macho mawili, mmoja kaskazini na mmoja kusini mwa dunia, na Zuhura badala ya kidole. Kila mmoja ataiona Zuhura ikipita juu ya jua mahali tofauti kidogo. Wakipima tofauti hiyo, wanapata umbali wa Zuhura, na kwa huo wanapata umbali wa jua na wa sayari zote, kwa maana uwiano wa njia za sayari ulikuwa umekwisha kujulikana. Palikosekana kipimo kimoja tu cha kweli.

Adui mkubwa wa kazi hiyo alikuwa wingu. Mwaka 1639 kijana Jeremiah Horrocks alitazama karibu siku nzima huko Much Hoole, Uingereza, mawingu yakija na kuondoka, na akaiona Zuhura nusu saa tu kabla ya jua kuzama. Mfaransa Guillaume Le Gentil alipata mabaya zaidi. Mwaka 1761 vita vilimzuia kutua Pondicherry, Bara Hindi, na siku ya mapito ikamkuta baharini, juu ya sitaha isiyotulia, mahali pasipopimika kitu. Aliamua kungoja miaka minane katika Bahari ya Hindi, akizunguka kati ya Mauritius, Madagaska na nchi nyingine. Mwaka 1769 alikuwa Pondicherry na vyombo vyote tayari, na asubuhi ile wingu likalifunika jua mpaka mapito yakaisha. Aliporudi Ufaransa mwaka 1771, jamaa zake walikuwa wamekwisha kumhesabu kuwa amekufa na wanataka kugawana mali yake.

Vipimo vya 1761 na 1769 havikukubaliana vizuri. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 vitabu vilifundisha umbali wa kilomita milioni 153 hivi, na wataalamu waliona kwamba hesabu hiyo imepotoka kwa mamilioni ya kilomita. Hivyo mwaka 1874 ulipokaribia, mataifa yalijiandaa kwa chombo ambacho Halley hakukijua, yaani kamera. Walitumaini kwamba jicho la mtu linaweza kuhangaika, lakini picha itabaki, na mtu anaweza kuipima nyumbani kwa utulivu hata mara mia.

Asubuhi moja ya Mauritius

Bwana Lindsay aliamua kupeleka msafara wake mwenyewe kisiwani Mauritius, mashariki ya Madagaska. Vyombo vizito vilikwenda kwa jahazi lake la fahari, nalo liliitwa Venus, yaani Zuhura. Gill alitangulia kwa meli ya barua kwa njia ya Suez na Aden, akichukua saa za baharini zipatazo 50. Alizitunza kama mama atunzavyo watoto wachanga, maana bila saa ya kweli mtazamaji hajui yuko longitudo gani, na kama hajui yuko wapi vipimo vyake havina maana. Kazi ya fundi saa wa Aberdeen ilikuwa imepata mahali pake.

Kituo kiliwekwa mahali paitwapo Belmont. Kwa ajili ya picha walikuwa na lenzi ndefu ya kuonea mbali, ya mita 12 hivi kutoka lenzi hadi bamba. Mrija mrefu namna hiyo hauwezi kuinuliwa na kuzungushwa kulifuata jua. Kwa hiyo ulilazwa chini, na kioo bapa kilichoendeshwa na mtambo kama wa saa kiliupokea mwanga wa jua na kuuelekeza ndani. Siku zile picha ilipigwa juu ya bamba la kioo lililopakwa dawa. Kila bamba lilipaswa kutayarishwa, kuingizwa, kuangaziwa kwa kitambo kidogo sana, kutolewa na kusafishwa gizani, huku bamba jingine likiwa tayari limeshikwa mkononi. Watu walifanya mazoezi ili siku ifikapo pasiwe na kugongana wala kuulizana.

Siku ilikuwa tarehe 9 Desemba, 1874. Kisiwani Mauritius Zuhura iliingia katika jua mara tu baada ya kucha, ikatoka kama saa nne asubuhi. Desemba ni majira ya mvua katika sehemu zile kama ilivyo kwetu, na mawingu yaliivuruga kazi ya mwanzo. Yalipoachana, watu walipiga picha mfululizo, bamba baada ya bamba, wakipata zaidi ya 200. Nyingi kati ya hizo hazikufaa kupimwa.

Asubuhi hiyohiyo jua lilichomoza juu ya nchi yetu hii likiwa tayari na doa la Zuhura juu yake. Kama mbingu zilikuwa wazi, doa lilikuwapo kwa saa mbili na zaidi juu ya misitu ya Katavi na juu ya ziwa. Miezi michache kabla ya hapo mwili wa Daktari Livingstone ulikuwa umefikishwa Zanzibar, na mwezi wa Agosti Edward Steere alikuwa amewekwa wakfu kuwa askofu wa misheni yetu ya huko. Ulikuwa ndio mwaka ule.

Picha ziliposhindwa

Vipimo vya nchi zote vilipokusanywa, furaha ilipungua. Picha zilipokuzwa ili zipimwe, ukingo wa jua ulionekana kama moshi, haukuwa mstari. Hewa yetu inayotikisika juu ya ardhi yenye joto, pamoja na hewa nzito inayoizunguka Zuhura yenyewe, zilifanya hata waliotazama kwa macho wasikubaliane. Doa lilipokaribia ukingo lilivutika kama tone la lami, na watu wawili waliosimama pamoja waliandika dakika tofauti. Mwaka 1882, mapito yaliporudi, Waingereza waliacha kabisa kutumia picha kwa kazi hiyo, ingawa Wamarekani waliendelea.

Sasa tuangalie alichofanya Gill, maana hapa ndipo tofauti yake na wengine inapoonekana. Hata kabla ya kufika Mauritius alikuwa na wasiwasi wa kuweka tumaini lote katika asubuhi moja. Kwa hiyo alichukua chombo kiitwacho heliomita, darubini ambayo lenzi yake imekatwa katikati ili ipime kwa usahihi mkubwa nafasi ndogo kati ya nyota na nyota. Kwa chombo hicho, katika wiki zilizotangulia mapito, alitazama sayari ndogo sana iitwayo Juno. Aliitazama jioni, akaitazama tena kabla ya alfajiri. Kati ya saa hizo mbili dunia ilikuwa imezunguka na kumchukua yeye mwenyewe maelfu ya kilomita, hivyo mtu mmoja, mahali pamoja, alikuwa kama macho mawili. Wingu likija leo, angetazama kesho. Jahazi la Lindsay lilichelewa na kumpotezea siku nzuri. Hata hivyo hesabu ya Juno ilimpa umbali wa jua wa kilomita milioni 150 hivi, karibu sana na ukweli.

Gill alitambua kwamba njia iendayo usiku baada ya usiku, isiyo na sifa wala jahazi la fahari, inaweza kuishinda ile siku kubwa iliyongojwa kwa zaidi ya miaka mia.

Mama Gill na wingu la Ascension

Mwaka 1877 sayari ya Mirihi ilikuwa inaikaribia dunia. Gill aliazima heliomita ya Lindsay, akasafiri na mkewe hadi kisiwa kidogo cha Ascension katika bahari ya Atlantiki. Chama cha wataalamu wa nyota cha London kiliwasaidia kwa fedha. Walijenga kibanda chao karibu na kambi ya wanamaji, wakatandaza kila kitu tayari. Usiku wa kwanza wingu likafunika. Usiku wa pili hivyo hivyo. Siku zikapita, Mirihi inakuja na kuondoka juu ya wingu, na kisiwa hakina mahali pengine penye maji wala barabara.

Isobel Gill ndiye aliyeliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: je, wingu hili limekifunika kisiwa chote, au limekaa juu yetu tu? Mumewe hakuweza kukiacha chombo, huenda mbingu zingefunguka ghafla. Basi yule mama akatoka usiku na wasaidizi, akapita katika mawe makali ya volkano kwenda kuangalia. Alikuta kwamba upande wa kusini nyota zinang'aa. Waliifungasha heliomita na kuhamia huko pwani, mahali walipopaita Ghuba ya Mirihi, na huko kazi ikafanyika. Umbali walioupata ulikuwa kilomita milioni 149.8 hivi. Isobel aliandika kitabu kuhusu miezi yao sita kisiwani, na kilichapishwa mwaka 1878.

Tumefundisha watoto kwa miaka mingi, na tumeona kwamba kuzoea kulalamikia wingu ni jambo jepesi. Kutoka usiku kwenda kuangalia mwisho wake uko wapi ni kazi ya wachache.

Miaka ya Rasi

Mwaka 1879 Gill aliteuliwa kuwa Mtaalamu wa Nyota wa Malkia katika Rasi ya Tumaini Jema, akasimamia kituo cha Cape Town hadi 1906. Alikikuta kimechakaa, akakiacha kikiwa miongoni mwa vituo bora duniani. Mwaka 1882 yeye na wasaidizi wake walitazama mapito ya Zuhura kwa darubini. Baadaye, kati ya 1888 na 1889, alipanga kazi kubwa pamoja na vituo vya Ujerumani, Uingereza na Marekani, wakizitazama sayari ndogo tatu, Iris, Victoria na Sappho. Matokeo yake yalikuwa kipimo ambacho kalenda za nyota za mataifa zilikitumia tangu mwisho wa karne hiyo hadi 1968. Kilitoa umbali wa kilomita milioni 149.5. Leo, kwa mawimbi ya rada na vyombo vya angani, umbali huo unajulikana kuwa kilomita 149,597,871 kwa wastani. Mtu aliyepima kwa lenzi iliyokatwa katikati alikosea kwa sehemu ndogo kuliko moja katika elfu.

Wala kamera haikutupwa. Mwezi Septemba 1882 nyota kubwa yenye mkia ilitokea, iking'aa hata mchana. Gill alimwita mpiga picha wa mji wa jirani, wakaifunga kamera ya kawaida juu ya darubini ili mtambo wa darubini uiongoze. Picha ilipotoka, nyuma ya ule mkia zilionekana nyota ndogo nyingi mno. Wengine wangeufurahia mkia, lakini Gill alizitazama zile nyota. Aliona kwamba picha iliyoshindwa kupima ukingo wa jua inaweza kuorodhesha mbingu zote za kusini. Alianza kazi hiyo mwaka 1885, na Mholanzi Jacobus Kapteyn akajitolea kuyapima mabamba huko Groningen. Msaada wa fedha kutoka London ulipokatwa, Gill aliendelea kwa fedha zake mwenyewe. Orodha ilipochapishwa, kati ya 1896 na 1900, ilikuwa na nyota 454,875.

Mstari uliotufikia

Sasa tuje kwetu. Baada ya mapito ya 1874, Gill akiwa njiani kurudi kwao alipita Misri na kusaidia kupima mstari wa msingi katika jangwa karibu na mapiramidi, kwa ajili ya ramani za nchi hiyo. Miaka michache baadaye alikuwa akiishi mwisho wa kusini wa Afrika. Tangu alipofika Rasi alipendekeza nchi zipimwe kwa pembetatu, kilima hadi kilima, na mawazo yake yakakua hata akaona mnyororo mmoja wa pembetatu ukienda kutoka Rasi hadi Misri, ukifuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Mnyororo kama huo ungekuwa msingi wa ramani zote, tena ungeonyesha umbo la kweli la dunia.

Wasomaji wanajua kwamba siku zile wakoloni walikuwa wakiigawanya Afrika, na fedha za sehemu ya Rhodesia zilitoka kwa kampuni ya Cecil Rhodes, ambaye alikuwa na makusudi yake. Hilo hatulifichi. Ramani ilimsaidia mtawala kutoza kodi kama inavyomsaidia leo mwananchi kudai mpaka wa shamba lake. Tena vyombo vile havikupanda milimani vyenyewe. Vilibebwa na wapagazi Waafrika, nao waliofyeka vilele na kulinda alama walikuwa Waafrika, na majina yao hatuyakuti katika vitabu tulivyofundishia.

Kazi ya Rasi na Natal ilifanyika kati ya 1883 na 1892. Rhodesia ilianza 1897, na kufikia 1906 mnyororo ulikuwa umekaribia ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Sehemu ya Uganda ilipimwa 1908 na 1909. Kati yake lilibaki pengo, nalo lilikuwa hapa kwetu. Gill alifariki mjini London tarehe 24 Januari, 1914 kwa ugonjwa wa mapafu, pengo likiwa bado wazi, akazikwa Aberdeen, mji wa kuzaliwa kwake. Hakuwa na watoto. Mwaka ule ule vita vikaanza.

Kati ya 1931 na 1933 kikosi kilichoongozwa na Martin Hotine kilipima magharibi ya Tanganyika, kutoka mpaka wa Zambia ya leo hadi mpaka wa Burundi. Longitudo ya nyuzi 30 hupita kandokando ya ziwa letu, mara majini, mara nchi kavu, na vilele vilivyotumika viko katika nchi ya Ufipa, ya Mpanda na ya Kigoma. Mwaka 1954 sehemu ya mwisho, ya Sudani, ilikamilika, na mnyororo ukaungana kutoka kusini hadi Misri, miaka 40 baada ya mwenye wazo kufa. Ramani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, ambazo wanafunzi wa sekondari hujifunza kuzisoma, zilitegemea vipimo vya mnyororo huo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kasekese apimaye kwa rula umbali wa kutoka kijijini hadi mtoni anatumia kazi iliyoanzishwa na fundi saa wa Aberdeen.

Novemba 2032

Zuhura haitapita tena mbele ya jua hadi Desemba 2117, na sisi sote hatutakuwapo. Lakini sayari ya Zebaki hupita mara nyingi zaidi, na tarehe 13 Novemba, 2032 mapito yake yataonekana Tanzania nzima, tangu kama saa tatu na dakika arobaini asubuhi hadi kama saa nane mchana. Watoto wengi walio shule ya msingi leo watakuwa vijana wenye simu za kamera mikononi.

Basi tuwaambie mapema. Mtu asilitazame jua kwa macho matupu, wala kwa darubini isiyo na kinga, hata kwa nukta moja, maana jicho likiungua halirudi. Vioo vya masizi, filamu za eksirei na miwani ya kawaida si kinga. Zebaki ni ndogo mno kuonekana bila darubini, kwa hiyo njia nzuri kwa shule ni kuielekeza darubini ndogo kwenye jua bila mtu yeyote kuchungulia, na kuacha sura ya jua ianguke juu ya karatasi nyeupe iliyotiwa kivuli. Doa litaonekana kwa darasa zima, na picha ya karatasi hiyo inaweza kupigwa hata kwa simu. Anayetaka kupiga picha kwa darubini moja kwa moja lazima afunge kichujio maalumu cha jua mbele ya lenzi, si nyuma yake.

Novemba huku kwetu ndipo mvua zinapoanza. Huenda asubuhi ikawa safi na wingu likaja saa tano, au mchana ukafunguka baada ya kukata tamaa. Walimu watakaokuwapo wafanye mazoezi wiki kadhaa kabla, wapige picha kila upenyo unapotokea bila kungoja ulio mzuri zaidi, na wapange na shule ya mji mwingine ambako huenda mbingu ziko wazi. Na kama Kasekese itafunikwa siku nzima, Mirihi na Mshtarii na mwezi vitakuwapo usiku mwingine. David Gill aliipoteza sehemu ya asubuhi yake kubwa, akaenda kutafuta kazi ambayo wingu moja haliwezi kuimaliza.